Mtumwa na Mtumishi: Habari za Bakhita wa Sudani

Katika lugha yetu ya Kiswahili yako maneno matatu yaliyozaliwa na mama mmoja, na mama huyo ni neno kutuma. La kwanza ni mtumwa, yaani yule atumwaye, apende asipende. La pili ni mtumishi, yaani yule afanyaye kazi kwa ajili ya mwingine. La tatu ni mtume, yaani yule aliyepewa ujumbe na kupelekwa. Maneno haya ni ndugu, lakini watu wake hawafanani. Mtumwa na mtumishi waweza kushika ufagio wa namna moja, na kufagia uwanja mmoja, na jua likawapiga sawasawa, wala mpita njia hawezi kuwapambanua kwa macho. Tofauti yao haimo katika ufagio. Basi imo wapi?

Swali hili si la mchezo huku kwetu. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873, na mahali pake pakajengwa kanisa. Hali ya utumwa ilifutwa kwa sheria katika Unguja na Pemba mwaka 1897, katika pwani ya Kenya mwaka 1907, na katika Tanganyika mwaka 1922. Wengi katika Wakristo wa kwanza wa Bagamoyo, na wa Freretown karibu na Mombasa, walikuwa watu waliokombolewa katika minyororo. Lakini sheria yaweza kufuta neno katika kitabu, isiweze kulifuta katika nia ya mtu. Hata leo wako watu wanaoona haya kushika jembe au kufua nguo, wakisema kwamba hiyo ni kazi ya kitumwa. Na wako wengine wanaosema na msichana wao wa jikoni kana kwamba walimnunua sokoni. Kwa hiyo tumeona vema kuwaletea habari za mwanamke mmoja wa Afrika aliyekuwa mtumwa kweli, kisha akawa mtumishi kweli, na ambaye alijua kwa mwili wake tofauti ya mambo haya mawili.

Mtoto aliyesahau jina lake

Alizaliwa yapata mwaka 1869 katika kijiji cha Olgossa, nchi ya Darfur, upande wa magharibi wa Sudani. Wazazi wake walikuwa na mashamba na mifugo, na nyumba yao ilijaa watoto. Siku moja, alipokuwa hajatimiza miaka kumi, alikuwa nje ya kijiji pamoja na rafiki yake, wakatokea watu wawili wasiowajua. Wakamwambia yule rafiki atangulie, na huyu mdogo wakamtuma aende mwituni kuwaletea mzigo waliousahau. Mtoto akaenda kwa utii, kama alivyofundishwa kuwatii wakubwa. Huko mwituni wakamkamata, wakamwonyesha kisu, wakamchukua. Tazameni, ndugu zangu, namna utumwa wake ulivyoanza: ulianza kwa kutumwa, na utii wa mtoto ukageuzwa kuwa mtego.

Hofu ilimshika hata jina alilopewa na wazazi wake likamtoka kabisa, wala hakulikumbuka tena mpaka siku ya kufa kwake. Wale waliomwiba ndio waliomwita Bakhita. Ni neno la Kiarabu lililo ndugu wa neno letu bahati, na maana yake ni mwenye bahati. Akaenda kwa miguu mitupu safari ya majuma mengi mpaka El Obeid, akauzwa, akauzwa tena, akapita mikononi mwa mabwana watano.

Mmoja wao alikuwa jemadari wa Kituruki, na kazi ya Bakhita ilikuwa kuwahudumia mama wa jemadari na mkewe. Nyumba hiyo ilikuwa ya mijeledi kila siku. Tena ilikuwa fahari ya mabwana wa namna ile kuwa na watumwa wenye chale mwilini. Basi akaletwa mwanamke fundi wa kazi hiyo, akamchora Bakhita kwa unga, kisha akaifuata michoro kwa wembe, akasugua chumvi ndani ya majeraha ili alama zisifutike. Chale hizo zilikuwa 114. Bakhita hakuwa amekosa lolote.

Katika miaka ile alifanya kazi zote zifanywazo na mtumishi: aliteka maji, alipepea, aliwavika bibi zake nguo, alikaa macho wenyewe wamelala. Lakini hatuwezi kuziita kazi zile unyenyekevu. Mtu asiye na ruhusa ya kusema hapana, ndiyo yake haina thamani mbele za watu. Mungu huona machozi yake, naye humhurumia. Lakini aliyemlazimisha asijidai kwamba alimfundisha wema.

Mwanamke aliyesema hapana

Mwaka 1883, katika mji wa Khartoum, alinunuliwa na naibu wa balozi wa Italia, jina lake Callisto Legnani. Huyo hakumpiga. Majeshi ya Mahdi yalipoukaribia mji, Legnani akaondoka kurudi kwao, na Bakhita akamsihi amchukue. Wakafika bandari ya Genova mwaka 1885. Hapo Legnani akampa rafiki yake Augusto Michieli, kama mtu ampavyo mwenzake zawadi, na Bakhita akawa yaya wa mtoto wao wa kike aliyeitwa Mimmina.

Baadaye akina Michieli walikuwa na biashara ya hoteli huko Suakin, katika pwani ya Bahari ya Shamu. Bibi alipotaka kwenda huko, alimwacha mtoto pamoja na Bakhita katika nyumba ya Masista wa Canossa mjini Venezia. Siku hiyo ilikuwa 29 Novemba 1888. Katika nyumba ile Bakhita akaanza kufundishwa dini. Mwenyewe alisimulia kwamba tangu utoto wake, alipotazama jua na mwezi na nyota, alikuwa akijiuliza ni nani bwana wa vitu vizuri namna hii, akatamani kumjua na kumheshimu. Sasa akasikia ya kuwa Bwana huyo yuko, na ya kuwa naye alipigwa mijeledi, na ya kuwa anamjua Bakhita na kumpenda. Msomaji aliyelelewa katika nyumba ya Kikristo tangu kuzaliwa pengine husoma maneno haya upesi. Na afikiri jinsi yalivyosikika masikioni mwa mtu aliyekuwa na mabwana watano, na chale 114.

Mwaka uliofuata bibi alirudi kumchukua. Bakhita akakataa. Alimpenda yule mtoto, na kumwudhi bibi yake kulimwumiza sana. Hata hivyo akakataa, kwa kuwa alitaka kubaki mahali pale apate ubatizo. Bibi akakasirika, akalia, akadai haki yake. Shauri likapelekwa mbele ya wakuu wa serikali na wa Kanisa, na tarehe 29 Novemba 1889 likakatwa: sheria ya Italia haijui utumwa, basi mwanamke huyu ni mtu huru, na aende apendako. Ndiyo mara ya kwanza tangu utoto wake kuulizwa anataka nini.

Hapa tukae kidogo, kwa sababu hapa ndipo wengi wanapopotea. Wako wanaodhani kwamba mnyenyekevu ni mtu anayeitikia kila amri, na kwamba Mkristo mwema hana neno la hapana kinywani mwake. Lakini tendo la kwanza la Bakhita katika uhuru wake lilikuwa kukataa. Alisema hapana kwa bibi apate kusema ndiyo kwa Mungu, na hiyo ndiyo yake ikawa na uzito, kwa kuwa ilikuwa yake. Kwa hiyo, ndugu, asije mtu akalitwaa neno unyenyekevu akalifanya kamba ya kumfungia mwenzake. Kamba ni kamba tu, hata ikipakwa maneno ya Kitabu.

Mlangoni pa Schio

Tarehe 9 Januari 1890 alibatizwa, akapewa majina ya Giuseppina, yaani Yosefina, na Margherita, na Fortunata. Jina hili la mwisho ni tafsiri ya Bakhita, mwenye bahati. Jina alilopewa na wezi akalipata tena kisimani pa ubatizo, na safari hii lilikuwa na maana. Mwaka 1893 aliingia unovisi, na tarehe 8 Desemba 1896 akaweka nadhiri zake.

Sasa sikilizeni alivyoutumia uhuru wake. Mwaka 1902 alipelekwa katika nyumba ya masista mjini Schio, mji wa viwanda vya sufu karibu na milima ya kaskazini ya Italia. Huko alikaa sehemu kubwa ya miaka yake iliyobaki. Na kazi zake zilikuwa zipi? Alipika. Alishona na kutarizi. Alitunza vyombo na mavazi ya kanisa. Kisha akawa mngoja mlango. Wasomaji watastaajabu: ni kazi zile zile! Mikono ile ile iliyopika kwa amri ya jemadari ikapika tena, na miguu iliyokimbia kwa kuogopa mjeledi ikaenda tena mbio kufungua mlango. Hakupandishwa cheo, wala hakukitaka. Kitu kimoja tu kilikuwa kimebadilika: hakuna aliyemlazimisha, naye aliwapenda aliowahudumia.

Mtu asidhani kwamba kungoja mlango ni kazi rahisi. Mwenye kazi hiyo hana saa yake mwenyewe. Akianza kula, anaitwa. Akianza kusali, anaitwa. Huja maskini, huja mgonjwa, huja mzazi mwenye hasira, huja mtoto aliyechelewa, naye hana budi kuwapokea wote kwa uso mmoja. Watoto wa shule ya masista walipopita mlangoni, Bakhita aliweka mkono juu ya vichwa vyao kwa upole. Watu wa Schio wakampenda, wakamwita Mama Mweusi. Mwaka 1931 habari zake zilichapishwa katika kitabu, kisha wakubwa wake wakamtuma kuzunguka nyumba za masista katika Italia kuzisimulia. Kusema mbele ya watu wengi kulimlemea, kwa maana alikuwa mtu wa maneno machache, lakini alikwenda. Hivyo neno la tatu likamfikia naye: mtumwa akawa mtumishi, na mtumishi akawa mtume.

Mkono wa kubusu

Wazee wetu wana methali isemayo: Mkono usioweza kuukata, ubusu. Ni methali ya mtu mwerevu aliyeshindwa. Anainama kwa sababu hana nguvu, na moyoni anangoja siku yake. Unyenyekevu wa namna hiyo uko mwingi duniani, hata makanisani. Mtu humbusu mkono mkubwa wake asubuhi, na jioni humsengenya.

Bakhita naye aliulizwa angefanya nini kama angekutana na wale waliomwiba na wale waliomtesa. Akajibu kwamba angepiga magoti na kuibusu mikono yao, kwa maana kama hayo yasingalitokea, asingalikuwa Mkristo wala mtawa. Jibu hili limewakwaza wengine, na si ajabu. Lakini tulitazame vizuri. Hakusema kwamba wizi wa watoto ni jambo jema, wala kwamba chale hazikuuma. Katika ugonjwa wake wa mwisho aliziona tena siku za utumwa, akamwomba mwuguzi mara kwa mara amlegezee minyororo, kwa kuwa ni mizito. Baada ya miaka karibu sitini ya uhuru, minyororo ilikuwa bado inamwuma! Hakusahau, basi, alisamehe. Mkono alionena kwamba angeubusu haukuwa tena na nguvu juu yake, na sheria ilikuwa upande wake. Methali yasema juu ya busu la hofu; lake lilikuwa busu la mtu huru. Akafa tarehe 8 Februari 1947 katika nyumba ile ile ya Schio. Tarehe 1 Oktoba 2000 Papa Yohane Paulo wa Pili alimtangaza kuwa Mtakatifu, na tangu mwaka 2015 siku ya kufa kwake, 8 Februari, imekuwa siku ya kuwaombea watu wote wanaouzwa na kununuliwa, kwa maana biashara hiyo haijaisha.

Maneno kwa nyumba zetu na shule zetu

Habari hizi hazikuandikwa ili tumstaajabie mtu wa mbali, kisha tukae kama tulivyokuwa. Tuzilete nyumbani.

Kwanza, baba na mama wa nyumba. Mnajua habari za Bwana wetu usiku ule kabla ya mateso yake, jinsi alivyoondoka mezani, akajifunga kitambaa, akaosha miguu ya wanafunzi wake. Hakuna aliyemtuma. Alijua yeye ni nani, na kwa sababu alijua, hakuogopa beseni. Mtu anayeogopa kuonekana ameshika ndoo ya maji hajajua bado yeye ni nani. Baba akimwogesha mtoto, au akimpikia mkewe aliye mgonjwa, heshima yake haipungui hata chembe. Na watoto wanaotazama hujifunza kwa siku moja zaidi ya mahubiri ya mwaka mzima.

Pili, yule anayewatumikia ninyi. Katika nyumba nyingi yuko msichana aliyetoka kwao mbali, ambaye huamka wa kwanza na kulala wa mwisho. Jiulizeni: analala wapi? Anakula chungu kimoja nanyi, au anakula mabaki? Mshahara wake hutoka siku yake, au huambiwa angoje mpaka mwezi ujao, na mwezi ujao aambiwe vivyo hivyo? Akivunja sahani, hukatwa fedha? Mnamwita kwa jina lake? Bakhita alipoteza jina lake kwa hofu. Asiwepo mtu atakayelipoteza jina lake kwa sababu ya kukaa nyumbani mwa Mkristo. Na ikiwa ni mtoto wa umri wa kwenda shule, mahali pake si jikoni mwenu. Wala msimhubirie yeye unyenyekevu kabla ya kujihubiria wenyewe. Anayemfundisha mtumishi wake kunyenyekea, naye mwenyewe hajui, amemfundisha utumwa tu. Na siku msichana huyo akitaka kuondoka, mfungulieni mlango kwa amani, na fedha zake mkononi.

Tatu, waalimu. Neno hili ni la kwenu hasa. Katika shule nyingi mtoto aliyekosa huadhibiwa kwa kufagia, au kuteka maji, au kusafisha choo. Tunaona ni jambo dogo, kumbe tunamfundisha somo kubwa kila siku: ya kuwa kazi ya mikono ni aibu, na ya kuwa mtu mwema ni yule asiyeifanya. Kisha mtoto huyo akikua tunashangaa kwamba amekwenda mjini na hataki kumsaidia mama yake shambani. Mwalimu, kazi isiwe fimbo. Wote wafagie kwa zamu, wanaofaulu na wanaoshindwa, nawe uwe na zamu yako. Tena usiwapeleke wanafunzi kupalilia shamba lako, ukaliita tendo hilo huduma. Ukitaka wakusaidie, waombe, na anayekataa asionewe.

Nne, sisi sote tuna mlango. Kwa desturi yetu njema mgeni hubisha hodi, nasi huitikia karibu. Lakini iko karibu ya mdomo, na iko karibu ya moyo, na maskini huzipambanua kabla hajavuka kizingiti. Labda hatutapewa kazi kubwa katika Kanisa. Labda hatutahubiri wala kuongoza baraza. Lakini hakuna nyumba isiyo na mlango, na hakuna siku asiyobisha mtu fulani tukiwa tumechoka. Hapo ndipo panapopimwa utumishi wetu.

Basi tulijibu swali letu. Tofauti ya mtumwa na mtumishi haimo katika ufagio, wala katika cheo, wala katika fedha. Imo katika mambo mawili: ya kwamba yeye atumikaye ni huru, na ya kwamba anapenda. Penye uhuru bila upendo, mtu hujitumikia mwenyewe. Penye upendo bila uhuru, kuna dhuluma inayomngoja mtu wa kuiondoa. Tuombe kupewa yote mawili, na kuwapa wenzetu yote mawili. Na jioni ya leo, kabla ya sala ya nyumba, mmoja wetu ainuke akaoshe vyombo ambavyo si zamu yake kuviosha.